Nguo ya Mazoezi Hujaribiwa kwa Kuchuchumaa

Kwa miaka mingi nilikuwa nikinunua nguo za mazoezi kwa namna ileile niliyonunua nguo za kutokea: nasimama mbele ya kioo, nageuka kushoto na kulia, nikiridhika na ninachokiona nalipa na kuondoka. Gauni la kutokea linaweza kuchaguliwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kumkaa vizuri mtu aliyesimama, aliyeketi au anayetembea polepole. Nguo ya mazoezi ina kazi nyingine kabisa. Inavaliwa na mtu anayeruka, anayeinama, anayenyoosha mikono juu na kutokwa na jasho, na kioo cha dukani hakiwezi kukueleza lolote kuhusu hayo iwapo unajitazama ukiwa umesimama wima.

Nililielewa jambo hili siku moja niliporudi kutoka kukimbia kilomita 10 na kuingia bafuni kuoga. Maji yalipofika chini ya matiti nilishtuka kwa uchungu, nikarudi nyuma na kufunga bomba. Nilipojiangalia nikakuta ngozi imechubuka kwa mstari mwekundu wenye upana wa kidole, uliofuata barabara njia ya ukanda wa chini wa sidiria kuanzia ubavu mmoja hadi mwingine. Sidiria yenyewe ilikuwa mpya, na dukani ilinikaa bila kasoro niliyoweza kuiona.

Niliamini kwamba kilichonichubua ni kubanwa, kwa hiyo nikanunua nyingine iliyo kubwa zaidi. Mambo yakazidi kuharibika, na hapo ndipo nilipoanza kutafakari. Nguo inayobana kupita kiasi huacha alama na kukunyima pumzi, lakini nguo inayochubua mara nyingi ni ile inayocheza mwilini. Ukanda wangu ulikuwa umelegea. Kila hatua ulipanda kidogo na kushuka kidogo, na jasho lilipoanza kukauka liliacha chumvi juu ya ngozi, na chumvi hiyo ikawa kama msasa unaosugua palepale maelfu ya mara. Kilichohitajika ni ukanda mfupi zaidi wa kuzunguka mbavu, pamoja na vikombe vikubwa zaidi, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kwa sababu nilidhani saizi hupanda au kushuka yote kwa pamoja.

Nitakaa kwenye sidiria kwa kitambo, kwa kuwa ndiyo nguo ambayo wanawake wengi hukosea kuichagua na ndiyo inayoumiza zaidi ikikosewa. Ndani ya titi hamna msuli unaolishikilia. Linategemea ngozi pamoja na nyuzi nyembamba za tishu zinazoitwa ligamenti za Cooper, na hivyo mtu anapokimbia titi huenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Sidiria ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili ya mwendo huo. Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, Lisa Lindahl, ambaye alikuwa amechoshwa na mikanda iliyokuwa ikimteleza mabegani kila alipokimbia, alishirikiana na Polly Smith na Hinda Miller kutengeneza sidiria ya michezo, na sampuli yao ya kwanza ilishonwa kwa kuunganisha vikinga viwili vya nyeti vinavyovaliwa na wanamichezo wa kiume. Vikinga hivyo tayari vilikuwa na lastiki pana ya kuzunguka mwili, na hadi leo ukanda wa chini unaozunguka mbavu ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, ilhali mikanda ya mabegani inasaidia tu. Ukiona mabega yako yana mabonde baada ya mazoezi, usikimbilie kuilegeza mikanda. Angalia kwanza kama ukanda wa chini umeacha kufanya kazi yake na kuisukumia juu.

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi, ile ya utepe, ujipime mwenyewe au uombe mtu unayemwamini akupime. Zungusha futi chini kabisa ya matiti, iwe sawa mbele na nyuma, kisha toa pumzi na usome namba. Halafu pima mahali palipojaa zaidi kifuani bila kubana. Kipimo cha kwanza ndicho kinachoamua namba ya ukanda, na tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo inayoamua herufi ya kikombe. Namba kama 34 na 36 zinatokana na inchi, na inchi 1 ni sentimita 2.54, kwa hiyo hakikisha unajua jedwali la mtengenezaji linazungumza kwa kipimo kipi. Jambo lililoniokoa mimi ni kujua kwamba herufi haina maana peke yake: kikombe cha 36B kinalingana kwa ujazo na kile cha 34C. Ikiwa 36B inakutosha vikombe lakini ukanda wake unapwaya, huhitaji 34B, kwani vikombe vitakuwa vidogo; unahitaji 34C. Nilipoivaa 34C kwa mara ya kwanza nilishangaa kwamba nguo ileile, ya mtengenezaji yuleyule, iliweza kukaa mwilini kana kwamba imeshonwa kwa ajili yangu.

Ukiwa ndani ya chumba cha kujaribia, funga kulabu za mwanzo, yaani zile zinazoacha ukanda ukiwa mrefu zaidi, kwa sababu lastiki hulegea kadiri miezi inavyopita na kulabu zinazobaki ni akiba yako ya baadaye. Vidole viwili vipite chini ya ukanda, na visipite kwa ulaini mkubwa. Shusha mikanda ya mabegani kwa muda mfupi. Ukanda ulio sahihi utabaki mahali pake. Nyanyua mikono yote miwili juu kabisa na utazame kama ukanda umepanda nao. Titi lisimwagike juu ya kikombe wala upande wa kwapa, na kitambaa cha kikombe kisikunjamane kwa kubaki kitupu. Kisha ruka. Ruka mara 20, papo hapo, bila kuona haya, kwa sababu chumba kile kimewekwa pazia kwa ajili yako. Na ikiwa ni sidiria isiyo na kulabu, inayovaliwa kwa kupitishwa kichwani, jaribu pia kuivua, kwa maana nguo inayovuliwa kwa shida ukiwa mkavu na mwenye nguvu itakutesa utakapokuwa umelowa jasho na mikono imechoka.

Zipo sidiria zinazokandamiza matiti yote kwa pamoja kifuani, na zipo zinazolishika kila titi ndani ya kikombe chake. Za kwanza huwatosha wengi wenye matiti madogo na mazoezi ya utulivu kama kujinyoosha. Mwenye matiti makubwa anayekimbia au kuruka kamba atapata nafuu zaidi kwenye zile za vikombe, au zile zilizounganisha njia zote mbili.

Tukija kwenye taiti, kosa langu lilikuwa kuangalia kiuno peke yake. Siku moja niliingia kujaribu na taiti za saizi tatu zinazofuatana. Ile niliyokuwa na hakika nayo ilipendeza sana nilipokuwa nimesimama. Nilipochuchumaa mara ya kwanza, ukanda wa kiuno ulishuka kidogo. Mara ya pili ukaanza kujikunja. Mara ya tatu ulikuwa umeviringika kama kamba chini ya kitovu, na nyuma nilihisi upepo mahali ambapo haukustahili kufika. Mwanamke aliye na taiti ya namna hiyo hatafanya mazoezi, atakuwa akivuta nguo. Nilivaa iliyo kubwa zaidi nikiwa na shaka kwamba itapwaya, na haikupwaya. Ilitulia kiunoni hata baada ya kuchuchumaa mara 10. Upana wa kiuno wa taiti ile ya kwanza ulikuwa sawa. Kilichopungua ni urefu wa kutoka kiunoni mbele, kupita msambani, hadi kiunoni nyuma, na kitambaa kinapokosa urefu huo hujitafutia kwa kuuvuta ukanda chini. Kipimo hicho kinapimika kwa futi, nami naona kinastahili kuandikwa pamoja na kile cha kiuno na cha nyonga, hasa kwa wenye kiwiliwili kirefu au makalio yaliyojaa.

Unapochuchumaa, fanya hivyo penye mwanga mkali na mgongo wako ukielekea kioo. Kitambaa kikigeuka cheupe mapajani au rangi ya chupi ikaonekana, taiti hiyo ni ndogo au kitambaa chake ni chepesi, na hakuna namna ya kulisamehe jambo hilo. Geuza pia taiti ndani nje na uangalie msambani: ukikuta mishono minne imekutana sehemu moja, ujue pale ndipo patakapokuvuta na kukuchubua, kinachofaa ni kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi au pembetatu kilichoshonewa hapo ili kuitenganisha mishono. Mishono ya ndani ya paja nayo inafaa iwe bapa, na kidole kikipita juu yake kisihisi tuta. Urefu wa miguu ni suala dogo, ila kitambaa kinachojikusanya nyuma ya goti kitakukera kadiri dakika zinavyokwenda.

Fulana sitaizungumzia sana: zungusha mabega, nyoosha mikono, na uangalie kwamba tundu la mkono halikati kwapani wala halionyeshi sidiria yote. Mwenye kupenda nguo pana na ndefu ana haki yake kamili ya kuzivaa. Ahakikishe tu kwamba pindo halimfungi mapaja anapopiga hatua ndefu.

Kuna jambo linaloniuma, nami nataka kulisema waziwazi. Nimewaona wanawake wakitoka kwenye chumba cha kujaribia wameinamisha vichwa kwa sababu nguo yenye herufi ya saizi waliyoizoea, kama M au L, imekataa kupita. Saizi 12 ya Uingereza kwa kawaida hulinganishwa na 8 ya Marekani na 40 ya nchi nyingi za Ulaya, mwili ukiwa uleule mmoja. Na hata ndani ya nchi moja, M ya mtengenezaji huyu inaweza kuwa L ya mwenzake. Herufi hiyo imeshonwa ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna atakayeisoma isipokuwa wewe. Dada yangu, ukinunua nguo ndogo ili kuilinda herufi, utaulipia uamuzi huo kila utakapopumua. Kwa sababu hiyo nategemea sentimita zangu, na ninaponunua mtandaoni nalinganisha jedwali la vipimo na taiti moja ninayoijua, ambayo nimeitandika mezani na kuipima kiuno, nyonga na urefu wa ndani wa mguu.

Kitambaa nacho ni sehemu ya kukaa kwa nguo, kwa kuwa nguo iliyokukaa asubuhi ikiwa kavu inaweza isikukae baada ya nusu saa ya jasho. Pamba hunywa jasho, huwa nzito, hunyooka na kuning'inia. Inafaa kwa matembezi ya taratibu, haifai kwa mbio ndefu. Poliesta na nailoni hazinywi maji kwa kiasi hicho, na nailoni kwa kawaida ni laini zaidi kwenye ngozi. Kinachorudisha nguo kwenye umbo lake ni elasteni, ambayo wengine huiita spandeksi, uzi uliovumbuliwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, unaoweza kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake kisha ukarudi. Vuta ukanda wa kiuno kwa mikono miwili, uachie, na uutazame: urudi mara moja na usibaki umejipindapinda. Uzi huo huharibiwa na joto kali pamoja na klorini ya bwawa la kuogelea. Fua kwa maji baridi, anika kivulini, na uachane kabisa na dawa ya kulainisha nguo, kwa maana huacha utando juu ya nyuzi na kuzizuia kupitisha jasho.

Mwisho, jipime tena. Matiti ya wanawake wengi hujaa na kuuma siku chache kabla ya hedhi, na ujauzito na unyonyeshaji hubadilisha vikombe na ukanda vyote viwili, kwa hiyo mwenye kupitia hali hizo asijilazimishe kuvaa vipimo vya mwaka jana. Mimi nina daftari dogo ambamo kila baada ya miezi mitatu naandika tarehe na namba tano: chini ya matiti, kifua, kiuno, nyonga, na ule urefu wa kupita msambani. Nikienda dukani natangulia kulifungua, kisha ndipo naanza kuangalia rangi.