Kukabili Hofu ya Tabianchi kwa Sanaa na kwa Kikundi

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kuishi na hofu ya mabadiliko ya tabianchi huwa wanatafuta habari njema. Habari hizo zipo: kwa mujibu wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, kati ya mwaka 2010 na 2019 gharama ya nishati ya jua ilishuka kwa takriban asilimia 85, na ya upepo kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo nimewaona watu wakifurahia taarifa ya namna hiyo asubuhi na kuvunjika moyo jioni, kwa sababu taarifa nyingine imeshaifunika ile ya kwanza. Matumaini yanayotegemea habari hupanda na kushuka pamoja nazo. Yale niliyoyaona yakidumu, kwangu na kwa wenzangu, yalitokana na kutengeneza kitu kwa pamoja, kitu chenye ukweli ndani yake, na kisha kukitumia kudai au kutenda jambo fulani.

Mwanasaikolojia wa Marekani Charles Snyder, aliyeyachunguza matumaini kwa miaka mingi, aliyagawa katika sehemu tatu: lengo, njia za kulifikia, na imani ya mtu kwamba ana uwezo wa kuzifuata njia hizo. Nalipenda elezo hili kwa sababu halimlazimishi mtu awe mchangamfu. Mtu anaweza kuwa na huzuni nzito juu ya barafu inayoyeyuka na matumbawe yanayokufa, na bado akawa na matumaini, mradi anajua anataka nini, anaiona walau njia moja, na ana watu wa kuipita nao. Hao watu ndio wanaosahaulika.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuanza na takwimu za kweli na kuzitia mikononi. Mwaka 2018 mwanasayansi wa tabianchi Ed Hawkins, wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, alisambaza mchoro wa mistari ya wima, kila mstari ukiwa mwaka mmoja: buluu kwa miaka iliyokuwa baridi kuliko wastani, nyekundu kwa ile iliyokuwa na joto zaidi, bila namba wala maneno. Kabla yake, mwanasayansi mwenzake chuoni hapo, Ellie Highwood, alikuwa amefuma blanketi kwa kufuata wazo hilohilo. Kikundi chetu kililichukua wazo na kulifanya kazi ya wengi: skafu moja ndefu, kila mtu akipewa fungu lake la miaka, vipande vikaunganishwa mwishoni.

Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyoanza kuimiliki miaka. Aliyepewa mwishoni mwa miaka ya 1990 alitaka kujua kwa nini 1998 ilikuwa nyekundu ghafla, na hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa vizuri kwamba El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakotokea kila baada ya miaka kadhaa, huongeza joto juu ya lile ambalo binadamu ameshaliongeza. Mgogoro mkubwa ulizuka kwenye miaka ya karibuni. Tulikuwa tumeutumia uzi wetu mwekundu uliokolea kuliko yote kwa mwaka 2016, nasi tulipofika 2023 na 2024 hatukuwa na rangi nyingine ya kupandia. Mmoja alipendekeza tufumue na kuanza upya kwa kupunguza ukali wa rangi zote. Mwingine alisema kufanya hivyo ni kuficha. Mwishowe fundi wetu mkongwe, mtu asiye na maneno mengi, alichukua uzi mwekundu na uzi mweusi, akaziweka sambamba kwenye sindano moja, akafuma miaka hiyo miwili kwa nyuzi zote mbili kwa pamoja. Mistari hiyo ni minene kuliko mingine na skafu hujikunja kidogo pale. Tuliiacha hivyo.

Ubishi ule ulitulazimisha kusoma. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2024 ulizidi wastani wa joto wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzijoto 1.55, na baadhi yetu tulidhani mlango wa Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015, ambamo nchi ziliahidi kujitahidi ongezeko la joto lisipite nyuzijoto 1.5, umeshafungwa. Kumbe kiwango cha 1.5 kinachotajwa katika makubaliano hayo hupimwa kwa wastani wa muda mrefu, wa miongo, wala si kwa mwaka mmoja. Na kila sehemu ndogo ya nyuzijoto inayoepukwa hupunguza madhara, iwe tumekipita kiwango hicho au la. Jambo hilo ningeweza kulisoma peke yangu, ila nina hakika lisingenikaa akilini kama lilivyokaa baada ya kubishaniwa juu ya meza yenye mabonge ya uzi.

Faida ya pili ya kikundi ni kwamba huvunja upweke ambao, kwa kiasi kikubwa, hauna msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliowahoji karibu watu 130,000 katika nchi 125, ulionyesha kwamba asilimia 69 wako tayari kutoa asilimia moja ya kipato chao cha mwezi kupambana na ongezeko la joto, na asilimia 89 wanataka serikali zao zifanye zaidi. Pamoja na hayo, waliohojiwa waliwadhania wenzao kuwa hawako tayari kiasi hicho. Yaani tumekaa kila mmoja chumbani kwake, akiamini kwamba ni yeye tu anayejali. Mikono inapokuwa na kazi, watu husema mambo ambayo hawangeyasema wakiwa wamekaliana uso kwa uso kwenye duara la viti, na anayetaka kunyamaza ananyamaza bila kuonekana amesusa.

Kunyamaza huko kupewe nafasi, hasa kwa vijana. Uchunguzi wa mwaka 2021 uliowahusisha vijana 10,000 wa nchi kumi uligundua kwamba asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaathiri maisha yao ya kila siku. Kijana wa namna hiyo akiambiwa haraka kwamba mambo yatakuwa sawa, husikia kwamba hajasikilizwa. Mwulize kwanza anachokiogopa ni kipi hasa, kisha mpe kazi yenye mwanzo na mwisho.

Kuhusu aina ya sanaa, sina masharti mengi. Kuimba, kuigiza, kushona vipande vya nguo chakavu, kuchora ukutani, vyote vinafaa, ilimradi asiyejua apate nafasi ya kushiriki na anayejua sana asiwafanye wengine kuwa watazamaji. Nakiri tu kwamba nimeichoka picha ya dunia inayowaka moto. Huvuta macho mara moja, haimwonyeshi mtu njia yoyote, na kila shindano la mabango huleta nyingine kumi za namna hiyo. Waombeni watu wachore mtaa wao uliofanikiwa: basi linapita wapi, kivuli kimetoka wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora moto, na michoro yake huwa tayari ni nusu ya mpango.

Hapo ndipo vikundi vingi hukwama, kwa kuwa kazi ikishatundikwa ukutani na kupigwa picha, watu hutawanyika. Wangari Maathai alipoanzisha harakati ya Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walioshiriki walilipwa kiasi kidogo kwa mche uliostawi, na si kwa kuupanda tu, na kazi hiyo ya miche ikaambatana na elimu ya uraia iliyowawezesha kudai haki juu ya ardhi na misitu. Kikundi chochote kinaweza kuiga mpangilio huo: kihesabu kilichodumu, na kila kazi ya mikono iambatane na jambo moja la kudai. Skafu yetu tuliipeleka kwenye kikao cha wanaopanga matumizi ya mtaa, tukaitandaza juu ya meza yao, tukauliza swali moja tu kuhusu miti ya kivuli kando ya njia wanazopita watoto. Swali lilipoahirishwa, tulirudi nalo kikao kilichofuata, tukiwa wengi zaidi.

Mwisho, gawaneni majukumu mapema kabla mtu mmoja hajachoka kwa niaba ya wote. Mwenye kuita mikutano abadilishwe kila baada ya muda, vifaa vikae mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anaweza kuvichukua, na aliyepotea kwa miezi kadhaa akirudi apewe sindano na fungu lake la miaka bila kuulizwa alikuwa wapi.