Usilipie mji ambao haujajengwa

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kama ulipie mapema toleo jipya la mchezo wa kujenga miji, na hela yenyewe ni ya kudunduliza. Tulia kwanza. SimCity ya 2013 ilidai intaneti muda wote, na ilipotoka tu seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha mchezo mtandaoni, zikazidiwa. Cities: Skylines 2 nayo ilipotoka Oktoba 2023, hata kompyuta zenye nguvu zilikuwa zinakwamakwama. Sasa laptopu ya kwetu je? Yangu hapa Ngarenaro, Arusha, umeme ukikatika inadumu dakika 40, feni ikivuma kama mashine ya kusaga! Hela hiyo ongezea RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ifike GB 16. Mchezo utaukuta, tena bei imeshuka.