Re: Mnara nauona dirishani ila intaneti inasuasua

Mkuu, umesema nyumba yako ipo bondeni, mnara uko kilimani kama mita 700 tu na mtandao unakatakata, halafu shemeji yako ng'ambo ya bonde, kilomita 6, anaangalia mpira bila kuganda. Hapo juu wameshakwambia ununue simu mpya, mi nasema hela yako tulia nayo kwanza. Nimepanda minara miaka tisa na kesi kama hii nimeishika kwa spana, huko milimani Tanga.

Lile libao refu unaloliona juu siyo antena moja. Ndani kuna viantena vidogo vimepangwa wima, kimoja juu ya kingine, vinarusha kwa pamoja, mawimbi yake yakikutana yameendana yanaongezeana nguvu, yakipishana yanauana. Kwahiyo nguvu inabanwa inakuwa bimu nyembamba, yaani mwale kama wa tochi, kwa ubavu nyuzi kama 65 ila juu-chini nyuzi 7 tu! Na ukishuka kama nyuzi 8 chini ya katikati ya bimu unafika pale yanapouana, tuite shimo.

Sasa ile saiti ya Tanga, yaani ule mnara niliousema, antena tuliikuta imeinamishwa nyuzi 2. Kijiji kipo mita 120 chini yake, umbali mita 700, piga hesabu hapo inakuja karibu nyuzi 10. 2 na 8 ni ngapi? Kijiji kizima kilikuwa shimoni, bimu inawapita juu ya mabati inaenda kwa watu wa ng'ambo.

Nikapanda, nikalegeza nati za brekti ya juu, nikainamisha mpaka 7. Mwenzangu alikuwa amesimama dukani kijijini na simu ya kupimia, kabla sijashuka ananipigia anacheka, kutoka -113 imefika -88 (hizo ni dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikisogea kwenye sifuri ndo nzuri). Tukajiona mafundi. Haikupita wiki ng'ambo wakaanza kulalamika, maana tuliwanyang'anya wao tukawapa wa chini, ikabidi nirudi kupanda tena (na mvua ya kule we acha tu) tukaiacha kwenye 5, kila upande upate kiasi. Hizi antena mpya za 5G zenye njia 64 za kurushia zinageuza bimu zenyewe kumfuata mteja, ila vijijini bado ni spana.

We fanya hivi, weka simu kwenye 4G tupu, pima spidi saa tisa usiku. Ikikimbia, tatizo ni foleni ya watu siyo antena. Ikibaki ovyo, panda mlima kidogo kuelekea usawa wa mnara huku unaangalia namba ya dBm kwenye mipangilio ya simu, ikipanda sana kadiri unavyopanda basi huenda na wewe upo shimoni. Ukiwapigia huduma kwa wateja usiseme "mtandao mbovu", watakwambia uzime uwashe simu, waambie unaomba tilti (mwinamo wa antena) ya sekta, yaani upande wa mnara, inayotazama kwenu ikaguliwe, wakupe na namba ya malalamiko. Ukishapima leta namba hapa tuzione.