Mume wangu aliachiliwa huru, mbona mpangaji wetu anadai fidia?

*Assalaam alaikum Somo. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Tuna vyumba sita vya kupangisha na mume wangu ndiye hupita kuchukua kodi. Miaka miwili na miezi minane iliyopita, mpangaji wetu mmoja, dada anayejitafutia riziki kwa cherehani, alikwenda polisi akasema mume wangu aliingia chumbani mwake kudai kodi, akasukuma mlango na kumshika kwa nguvu pasipostahili kushikwa. Mume wangu akashtakiwa kwa kitendo cha aibu. Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili, na mwishowe hakimu akamwachilia. Tulisoma dua, tukapika pilau.*

*Wiki sita baadaye ikaletwa samansi. Yule dada anamdai mume wangu fidia kwa jambo lile lile! Somo, si hapo ndipo amejifichua? Familia yote inasema tangu mwanzo alikuwa akitafuta pesa, maana alikuwa na deni la kodi la miezi mitatu. Na mtu anahukumiwaje mara mbili? Mume wangu anataka kumgeuzia kibao amshtaki yeye kwa kumsingizia. Shemeji yangu anataka niape mahakamani kwamba saa tisa ile mume wangu alikuwa nyumbani nami. Siku ile nilikuwa sokoni Kongowea.*

*Jambo la mwisho. Juzi nilifungua daftari la kodi. Yule dada amelipa mpaka mwezi wa tatu. Jambo lenyewe lilitokea mwezi huo huo wa tatu. Sijamwambia mtu. Usingizi sipati. Nifanyeje?*

*Mama Watatu*

Wa alaikumus salaam, mwanangu. Umeniuliza mengi, ila linalokukosesha usingizi umeliweka mwisho kabisa, kama mtu anayetaja maumivu akiwa ameshashika mlango wa daktari. Nitalifikia. Nianze na la sheria, maana hilo lina jibu lililo wazi.

Mumeo hahukumiwi mara mbili. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50, inakataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo mahakama imeshamwachilia. Kinga hiyo anayo, nayo ni kinga dhidi ya kesi ya jinai. Kesi ile ya kwanza haikuwa ya yule dada. Ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya mumeo, na yeye alikuwa shahidi tu. Hakuchagua mwendesha mashtaka, hakupanga tarehe, na kama polisi walisahau kuleta kitu, hakuwa na la kufanya. Hii ya sasa ndiyo kesi yake mwenyewe. Haitafuti kumpeleka mtu jela ya Shimo la Tewa. Inauliza kama alidhurika, na kama ni hivyo, nani amlipe.

Kisha kipimo ni tofauti. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo shaka ya maana, na shaka hiyo ikibaki, mshtakiwa anakwenda zake. Kwenye madai, wewe uliyezoea Kongowea utanielewa upesi: ni ile mizani ya muuza viazi. Sahani hii ikishuka hata kwa uzito wa kiazi kimoja, imeshuka. Hakimu anauliza tu, kwa yote niliyoyasikia, lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa lilitokea. Ndiyo maana sheria yetu ya ushahidi inasema mtu akipatikana na hatia kwenye jinai na hukumu hiyo ikawa ya mwisho, hukumu inachukuliwa kuwa ushahidi kamili dhidi yake kwenye madai. Haisemi hivyo kwa kuachiliwa. Tena kwenye jinai mumeo alikuwa na haki ya kunyamaza asiulizwe kwa nini. Huku, mdaiwa anayenyamaza anaachia sahani ya mwenzake ishuke peke yake.

Haya si mageni kwetu. Ni madereva wangapi wa matatu wamepelekwa kortini kwa kuendesha ovyo, wakaachiliwa, na bado majeruhi akadai fidia akalipwa? Hutokea kila mara. Na yule aliyevunjika mguu akienda kwa wakili hatusemi kumbe alijitupa barabarani kutafuta pesa. Nataka ulifikirie hilo kwa utulivu, mwanangu. Kwa nini mguu tunauamini, na mwanamke aliyeshikwa tunamwambia ana tamaa?

Hata ng'ambo jambo hili limezungumzwa sana. Tarehe 3 Oktoba 1995, O. J. Simpson, yule mchezaji maarufu wa Marekani, aliachiliwa kwenye kesi ya kumuua aliyekuwa mkewe, Nicole Brown, na kijana Ron Goldman. Familia za marehemu zikafungua kesi ya madai, na mwaka 1997 baraza jingine la raia wanaoamua kesi likamwona anawajibika kwa vifo hivyo. Fidia ikafika dola milioni 33.5. Simpson alifariki 2024 sehemu kubwa ya deni hilo akiwa hajalilipa. Baba yake Ron alilifuata deni lile kwa karibu miaka 30. Wako waliomwita mpenda pesa. Mimi kila nikifikiria mzazi aliyezika mwanawe na kubaki na karatasi ya hukumu mkononi miaka yote hiyo, siwezi kulitamka neno hilo.

Sasa hili la pesa kwako. Mahakama ya madai haina jela ya kumpa mdai, wala haiwezi kumrudishia siku ile iwe kama haikuwapo. Inachompa kwa kawaida ni fidia, na fidia huhesabiwa kwa shilingi. Mtu anayetaka mahakama hiyo itamke kwamba alidhulumiwa kwa kawaida hudai pesa, hata kama pesa ndicho kitu cha mwisho akilini mwake. Na angeidai mapema, kabla hukumu ya jinai haijatoka, unajua kingetokea nini? Wakili wa mumeo angemsimamisha kizimbani amuulize, "Si kweli una kesi ya fidia inayongoja mumtie huyu hatiani?" Akitangulia ana tamaa, akingoja amejifichua. Mlango wa kuingilia na heshima yake mmemwachia upi?

Hata hiyo haraka ya wiki sita ina maelezo yake. Anayedai fidia kwa kushambuliwa mwilini ana miaka 3 tangu siku ya tukio, na ikishapita mlango unafungwa. Wewe mwenyewe umeniambia ni miaka miwili na miezi minane. Wakili yeyote anayejua kazi yake angemwambia afungue kesi sasa hivi.

Sikwambii kwamba hakuna watu wanaosingizia wenzao. Wako, na mtu asiye na hatia anaweza kuharibikiwa na maisha kwa neno la uongo. Lakini uongo wa kutafuta pesa una alama zake. Je, kabla ya kwenda polisi aliwahi kumwambia mumeo au jamaa yenu, toeni kiasi fulani nisiseme? Kuna ujumbe wa simu? Maelezo yake yalibadilika kati ya kituo cha polisi na kizimbani kwa jambo kubwa, si kwa saa na dakika? Hayo ndiyo ya kumpa wakili. Kusema "anataka pesa" bila lolote katika hayo ni kumtukana tu.

Na ninyi mlikuwa na alama moja tu: deni la kodi.

Hapo ndipo tunafika kwenye daftari. Nimejaribu kuliona kama ulivyoliona wewe, taa ya jikoni imewaka, watoto wamelala, kidole chako kinashuka kwenye safu ya jina lake. Januari amelipa. Februari amelipa. Machi amelipa, na mwandiko ni wa mumeo. Kisha mistari mitupu. Miezi mitatu anayodaiwa ni ile iliyofuata *baada* ya yeye kwenda polisi, alipoogopa au alipokataa kumpa kodi mtu anayemshtaki. Siku anaingia kituoni hakuwa na deni la kukimbia. Sababu ambayo familia nzima imeirudia mbele ya majirani kwa karibu miaka mitatu haikuwapo siku ile.

Hilo halithibitishi kwamba mumeo alimshika. Nataka unielewe vizuri hapa, maana nakuona ukisoma mstari huu mkono kifuani. Lililotokea ndani ya chumba kile mimi silijui, nawe hulijui. Daftari linaondoa kisingizio kimoja tu. Lakini mwanangu, kisingizio hicho ndicho ulichokuwa umelalia, na kimeondolewa chini yako. Ndiyo sababu hulali.

Daftari hilo usilichane, usilifiche, usiongeze hata nukta. Mahakama inaweza kuamuru liletwe, na kuharibu ushahidi ni kosa la jinai. Mwonyeshe mumeo mkiwa wawili, si mbele ya mama yake wala nduguze. Mwambie, "Nimeona hili. Nieleze." Kisha unyamaze umwachie nafasi. Mke wa miaka mingi hujua sauti ya mumewe anapotunga jambo.

Kitu kingine cha kufanya wiki hii ni kuomba nakala ya hukumu ya jinai kwenye masijala ya mahakama. Umesema hakimu alimwachilia, hukusema kwa nini. Hakimu anayeandika kwamba mlalamikaji ni mwongo na anayeandika kwamba alimsadiki ila ushahidi wa kumuunga mkono haukutosha, wote wawili humwachilia mshtakiwa. Tofauti yao ni kubwa kama ya Likoni na kisiwani. Isome mwenyewe. Usisomewe na shemeji.

Samansi nayo isiachwe juu ya kabati. Imeandikwa siku ambazo mdaiwa anatakiwa kujibu, na zikipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu itolewe bila mumeo kusikizwa. Atafute wakili anayefanya kesi za madai. Amwulize pia juu ya upatanishi ulio chini ya mahakama, ambapo pande mbili hukaa na mpatanishi faraghani na yanayosemwa pale hayatumiwi baadaye kizimbani. Usiende wewe kwa mama wa yule dada na kilo ya halwa kumwomba amshawishi mwanawe. Najua ndivyo tulivyozoea kwetu, na najua ungekwenda kwa nia njema. Yeye atauona ni ujumbe wa kutishwa, na wakili wake atausema hivyo hivyo. Kwa Kadhi pia hakuna njia, maana mahakama ile ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu.

Mumeo akitaka kumgeuzia kibao, ajue kwamba kuachiliwa peke yake hakumshindishi. Mahakama zetu zimelisema hili tangu kesi ya Murunga dhidi ya Mwanasheria Mkuu ya 1979: anayedai alishtakiwa kwa nia mbaya lazima aonyeshe kwamba mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, kwamba yaliisha kwa faida yake, kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kuyaleta, na kwamba yaliletwa kwa chuki. Polisi walichunguza, waendesha mashtaka wakaona faili inafaa kwenda kortini. Nia mbaya ataithibitisha kwa lipi? Kwa deni la kodi? Daftari lenu wenyewe litamjibu. Na matusi ya mtaani na kwenye makundi ya WhatsApp yakome leo. Kumtangaza mtu kuwa ni malaya na mwongo ni kashfa, na kashfa ina kesi yake.

Nimebakisha shemeji yako. Kwenye kesi ya madai mke anaweza kuwa shahidi, kwa hiyo wanaweza kweli kukuita. Utashika msahafu. Wakili wa upande wa pili atakuuliza mlikula nini mchana ule, nani alikuwa mlangoni, ulinunua nini Kongowea juma lile na kwa nani. Pengine yuko muuza nazi anayekukumbuka. Kusema uongo chini ya kiapo kunaweza kukufunga hadi miaka 7, na watoto watatu watabaki na nani? Hapo sijataja dini yetu inasema nini juu ya ushahidi wa uongo. Hilo hunihitaji nikufundishe.

Anakuomba umpe mumeo kitu ambacho huna. Kama mumeo ni mkweli, uongo wako utamharibia kesi anayoweza kuishinda. Kama si mkweli, umebebeshwa dhambi yake juu ya zako. Sioni njia yoyote ambayo wewe unatoka salama.

Akija tena na hilo, mkaribishe, mpe chai, mwache amalize maneno yake yote. Kisha mwambie, kwa sauti ile ile unayoitumia kumwuliza kama sukari inatosha, "Shemeji, saa tisa ile mimi nilikuwa Kongowea nikinunua nazi."

Somo