Kabla ya kununua kiwanja cha uzeeni, endesha gari peke yako hadi huko

Kazini kwetu, ukishavuka miaka 50 mazungumzo ya saa ya chai hubadilika. Zamani yalikuwa ada na sare za watoto. Siku hizi ni viwanja, kuku wa mayai, na nani amepata barua yake ya kustaafu. Mimi ni muuguzi wa serikali. Sheria inaniruhusu kustaafu kwa hiari nikifika 55 na kwa lazima nikifika 60, nami niko katikati hapo. Kila mmoja wetu ana mahali pake anapopaota. Pangu kwa miaka mingi pamekuwa kusini: nyumba ndogo karibu na bahari, minazi michache, bata, na kibaraza cha kupunga upepo jioni.

Ushauri wangu ni mmoja. Usipeleke mafao yako mahali ambapo hujawahi kulala siku ya Jumanne. Jumamosi ya harusi au wiki ya msiba haihesabiki, maana siku hizo kila mji umechangamka. Chukua likizo yako ya mwaka ukiwa bado unakula mshahara, ufanyie gari sevisi, uende mwenyewe, peke yako, ukipita polepole. Mimi nilitoka Dar es Salaam nikapita Kilwa, Lindi, Mikindani, Masasi hadi Songea, nikarudi kwa Njombe na Iringa, na niliyoyaona yamebadilisha kabisa hesabu zangu.

Wanangu walipinga kwanza. "Mama, unakwenda na nani?" Nikawaambia kwamba hapo ndipo penye kipimo. Wodini nimewapokea wastaafu wengi: presha iko juu, sukari haijapimwa muda mrefu, wameletwa na jirani kwa bodaboda kutoka shamba walilonunua kwa mafao. Ukikaa nao usiku wakatulia, hawaanzi na ugonjwa. Wanaanza na upweke. Mtu amefanya kazi miaka 35 kati ya watu, halafu anajikuta mahali ambapo saa moja usiku hana wa kusema naye. Ukisafiri na familia hutajua kama unauweza ukimya huo. Ukiwa peke yako, jioni ya pili tu ndani ya chumba cha gesti, utajijua.

Na nilikuwa na sababu ya kupitia kwenye vituo vya historia. Mji ukiwa na boma la kale, kaburi au magofu, una wazee waliozoea kuulizwa. Unaingia kama mtu aliyekuja kusikiliza, wala hakuna anayekuona mnunuzi. Nawasihi sana, hata kama una fedha za kiwanja benki, usiseme unatafuta kiwanja. Ukishalitamka hilo, kila unachoambiwa kuhusu mji huo kinakuwa kizuri.

Barabara ya Kilwa ukishaitoka Mbagala na foleni zake inakupeleka Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Ng'ambo ya mto ndiko Mohoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewahamasisha watu kupinga utawala wao, tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Nilipunguza mwendo eneo lile. Tulisoma jina lake darasani tukalijibia mtihani, lakini ukiiona nchi yenyewe, mito, mashamba ya mpunga na vilima vya Umatumbi kwa mbali, unaelewa waliopigana walikuwa wakulima waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu.

Msimu ni jambo la kulizingatia. Usiende masika. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hii maeneo ya Somanga, magari yakakwama, na Lindi na Mtwara zikatengana na Dar. Kwa msafiri huo ni usumbufu wa siku chache. Kwa mstaafu anayefuata dawa za moyo Muhimbili ni swali zito, na ulizeni mapema: mahali hapa barabara ikikatika, ninapita wapi?

Nangurukuru jaza tangi, pinda kushoto. Kilwa Masoko unalipa kiingilio ofisini, unapewa wa kukuongoza, mnavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Tengeni siku nzima. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana karne ya 14, wakati Kilwa ikishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, Msumbiji ya leo. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, Wareno wakauteka mji mwaka 1505. Simama chini ya makuba yake, uweke kiganja ukutani. Ni matumbawe na chokaa, na ukitazama karibu unaona vijitundu vya matumbawe yenyewe, kila jiwe na nakshi yake ya baharini. Kule Husuni Kubwa, ukingoni mwa jabali, kuna bwawa la pembe nane lililochongwa vizuri ajabu likielekea bahari. Nilikaa pale muda mrefu, na hakuna aliyeniambia twende, muda umekwisha. Hiyo ndiyo raha ya kwenda peke yako.

Kisiwa kile kina wenyeji wake. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili kibarazani alinikaribisha mkekani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umetoka mbali?" Tuliongea hadi adhuhuri. Nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mzee ninayekutana naye safarini: ukiugua usiku unafanyaje? Akanionyesha bahari kwa kidevu. Ugonjwa mkubwa ni kuvuka, akasema, na kuvuka ni upepo na maji vikikubali. Naipenda Kilwa kwa moyo wangu wote, na hapo hapo nilijua Kilwa ni ya kutembelea.

Kabla ya kuendelea, pitieni Kilwa Kivinje. Mji umechakaa, nyumba za ghorofa za zamani zinabomoka mbele ya bahari, lakini Mwembe Kinyonga, mti uliotumiwa kunyongea watu, una historia inayostahili kituo chako. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji, kwa kuwapinga Wajerumani.

Lindi nilipita haraka kuliko nilivyokusudia, joto lilinishinda. Watu wa Lindi wana la kujivunia hata hivyo. Kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji, ndiko ilikochimbwa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kwa vichwa na mabega hadi bandarini Lindi, na mjusi mkubwa kuliko wote amesimama Berlin hadi leo, kimo chake zaidi ya mita 13. Ukizungumza na wazee wa Lindi, hilo halijawatoka.

Mikindani ndiko nilikotua moyo. Ghuba imeuzunguka mji, maji yake yametulia, milango ya nakshi ingali kwenye nyumba za zamani, na juu ya mji liko boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenda bara na hakurudi pwani akiwa hai. Nililala siku kadhaa, nikafanya kama mkazi. Nilikwenda sokoni asubuhi, nikauliza bei ya samaki bila haraka, nikafua nguo zangu, nikatembea hadi magoti yakaniambia basi. Kisha nikafanya ambalo watalii hawafanyi: nikaenda kuiona Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyojengwa Mitengo, papo hapo Mikindani. Kwa macho ya muuguzi, hospitali ya rufaa karibu na nyumba yako ni mali kuliko upepo wa bahari. Fanyeni hivyo kila mji mnaoutamani. Nendeni kliniki ya presha, kaeni kwenye benchi, sikilizeni wagonjwa wanazungumza nini kuhusu dawa na foleni. Nusu saa ya benchi hilo inakufundisha mji kuliko dalali yeyote.

Kutoka Mtwara kwenda Masasi pitia Ndanda. Wabenediktini wako pale tangu 1906 na hospitali yao inajulikana kusini nzima. Masasi pumzika, nunua korosho, lala. Kipande cha Masasi, Tunduru hadi Songea ni lami nzuri lakini ni kirefu na watu ni wachache, na upande wa Namtumbo tembo huvuka barabara. Usikiendeshe usiku kwa hali yoyote. Mimi saa kumi jioni ilikuwa mwisho wangu kila siku, na gari likishaegeshwa halitoki. Stepni iwe na upepo, ujue mwenyewe kufunga jeki, triango na mtungi wa zimamoto viwe ndani. Vijijini shika 50, maana trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kila jioni nilimpigia binti yangu nikamtajia gesti niliyolala na njia ya kesho. Mwanamke anayesafiri peke yake asiliache hilo, na mapokezi asiseme yuko peke yake. Mimi nilisema wenzangu wananisubiri mji wa mbele.

Songea ndiyo iliyonishika zaidi. Katika Makumbusho ya Majimaji kuna kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na pembeni kaburi la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambaye mji umechukua jina lake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha. Kilichonigusa kama muuguzi ni kwamba wengi waliokufa katika Majimaji hawakufa kwa risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafanya iliyobaki, na makadirio ya vifo yanafika hadi watu 300,000. Ukitoka hapo ukaiona Songea ya leo, mahindi yamejaa masoko, unajisikia kushukuru kila gunia.

Hali ya hewa ya Songea ilinistahi. Usiku blanketi, asubuhi magoti hayaumi, na jirani yake iko Peramiho, misheni ya mwaka 1898 yenye hospitali ambayo wauguzi wa rika langu wote tunaiheshimu. Sikuwahi kuiweka Songea katika ndoto zangu hata siku moja. Nilikuwa nimeing'ang'ania bahari tangu ujana, kumbe mwili wa miaka hii una matakwa yake.

Njia ya kurudi sitaieleza sana. Kalenga, nje kidogo ya Iringa, usiiache: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko pale tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, baada ya Wahehe kulisubiri zaidi ya nusu karne. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50, punguza mwendo.

Sasa fedha, kwa sababu ndoto nyingi huharibikia hapo. Wengi wetu serikalini tulizoea kuhesabu mkupuo wa asilimia 50 ya mafao. Mwaka 2022 ukashuka hadi 33, mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40, kilichobaki kinakuja kidogo kidogo kama pensheni ya mwezi. Maana yake ni kwamba ukikosea mahali pa kujenga, hupati fedha nyingine ya kuhamia. Gharama ya safari hii yote, mafuta, gesti na chakula cha mama ntilie, ni ndogo sana mbele ya nyumba iliyojengwa mahali usipoweza kuishi. Ukishapata mji, bado usinunue. Panga kwanza. Chumba kimoja na jiko vinatosha kukuonyesha maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, umeme unakatika saa ngapi, na kama majirani wanapita kukujulia hali. Ukiridhika ndipo uende ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji mwenyewe, ukaulize kiwanja ni cha nani na kina kesi gani.

Kwa hiyo mimi sijanunua chochote, na ninalala vizuri. Nimeomba likizo ijayo iwe Februari, niwepo Songea kwenye kumbukumbu ya Majimaji tarehe 27, kisha nikae hapo kwa kupanga. Wenzangu wananiambia Februari kule ni mvua tupu. Ndiyo maana nimeichagua. Nataka kuona barabara za mitaa zinapitika vipi na bodaboda ya kwenda Peramiho inatoza kiasi gani kukiwa na tope. Likizo itakayofuata nitaipeleka Mikindani, mwezi wa joto kali, nikapime huko nako.