Muulize Nesi Mstaafu: Laki nne za kikoba na watoto wa manjano

SWALI: Shikamoo bibi. Kikoba chetu cha wauza dagaa hapa Mwaloni kimebakiwa na akiba ya 400,000. Mtoto wa mwenzetu alipata manjano akiwa na siku nne, tukaambiana yataisha yenyewe. Sasa ana miaka mitatu, hasikii, na shingo bado inalegea. Amekuja kijana na fomu, anachangisha pesa za utafiti wa ugonjwa huo. Wenzangu wanasema utafiti ni posho za wakubwa, bora tununue taa ya kutibu manjano. Tufanyeje?
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe pole mwenzenu.

Hiyo taa nayo ni mtoto wa utafiti. Miaka ya 1950, Hospitali ya Rochford kule Uingereza, Sista Jean Ward alipenda kuwatoa njiti nje wapate jua. Siku moja akamwonyesha daktari mtoto aliyepungua manjano mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyokuwa imefunikwa na shuka. Nesi huyo! Madaktari wakaanza kupima, na mwaka 1958 wakachapisha habari ya taa.

Na pesa za hisani zimefanya mengine. Lagos, Nigeria, watafiti waliwalaza watoto chini ya vibanda vya plastiki ya kuchuja jua, kama ile inayobandikwa kwenye vioo vya magari. Majibu yalitoka 2015: kwa watoto 447, jua lililochujwa halikushindwa na taa. Sehemu ya gharama ililipwa na mfuko wa hisani wa Marekani, Thrasher Research Fund. Nasema lililochujwa. Msije mkaanika kichanga uani kama dagaa.

Kijana wa fomu mwombeni kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ofisi yao ipo hapahapa Mwanza, pamoja na barua ya hospitali utafiti unapofanyika. Akianza kujikuna kichwa, mpeni chai aende zake.

Taa ya maana kwa laki nne hampati, na ya bei chee naiogopa. Wodi moja niliyofanya kazi, watoto watatu walilala chini ya taa siku mbili, bilirubini, ile rangi ya manjano kwenye damu, haishuki. Taa inawaka bluu, inapendeza kweli! Tulipoazima kipimo cha mwanga tukakuta balbu zimechoka, na kwa macho huwezi kujua. Tulihangaika usiku ule kutafuta damu ya kumbadilishia mmoja wao. Kwa hiyo nendeni kwa matroni, mumuulize balbu zilibadilishwa lini na kipimo kipo au hakipo. Mnunue kinachokosekana, mkabidhi kitu na risiti yake, si pesa taslimu.

Ila mwanangu, umeniambia mtoto hasikii, hukuniambia kama amepimwa. Manjano makali huharibu njia ya sauti kwenda kwenye ubongo, na miaka mitatu bado ni umri wa kujifunza kuongea, hata kwa ishara. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya masikio. Laki ya kwanza itoke hapo, wiki hii, na mmoja wenu amsindikize mama yake.