Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Kupita Nyuma ya Waigizaji

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimekulia katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa tunaishi Clarkston, karibu na Atlanta, ambako nafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kuku. Jirani yangu huenda kwenye filamu, si kuigiza, bali kupita tu kama mtu wa barabarani, na hulipwa. Nilipoanza kuulizia, kijana mmoja tuliyekutana dukani alinisifia sura, akasema ana ofisi ya vipaji na kwamba nikitoa dola 395 za usajili na albamu ya picha ataniunganisha. Je, nilipe? Na Kiingereza changu cha kubabaisha pamoja na kibali changu cha kazi vitatosha? (Msomaji, Clarkston, Georgia)

JIBU: Marahaba, mama. Fedha zako zibaki mfukoni. Ofisi inayotafuta watu wa kujaza barabara, kanisa au mkahawa wa kwenye filamu hulipwa na mtayarishaji, kwa hiyo haina sababu ya kukutoza wewe hata senti. Central Casting, kwa mfano, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1925 na yenye ofisi huko huko Georgia, husajili bure. Anayekusifia sura dukani kisha akataja bei anauza picha, hana kazi ya kukupa. Picha zinazotakiwa ni za kawaida tu, moja ya uso na moja ya mwili mzima, zilizopigwa kwa simu mbele ya ukuta usio na mapambo, pamoja na vipimo vya kweli vya nguo na viatu. Nasema vya kweli kwa sababu wahusika wa mavazi huandaa nguo kwa kufuata ulichoandika, na aliyejipunguzia kiuno kwenye fomu huumbukia chumba cha kubadilishia.

Mahali unapoishi ni bahati. Tangu mwaka 2008 jimbo la Georgia limekuwa likiwapa watayarishaji nafuu ya kodi inayofikia asilimia 30 ya gharama wanazotumia humo, na ndiyo maana studio zimejaa kuizunguka Atlanta. Ila zisikuchanganye, maana umbali wake haulingani. Studio za Tyler Perry, zilizojengwa katika iliyokuwa kambi ya jeshi ya Fort McPherson, ziko jirani na kituo cha treni ya MARTA, ilhali studio za Trilith ziko Fayetteville, katika kaunti ambayo MARTA haifiki kabisa. Mara nyingi watu hutakiwa wawe wamefika kabla ya mapambazuko, kwa hiyo kabla hujajibu ujumbe wa kuitwa, hakikisha unajua utakavyofika huko saa kumi na moja alfajiri.

Kibali chako cha kazi kinatosha. Anayekulipa ni mwajiri kama kiwanda chako kilivyo, na atakujazisha fomu ile ile ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi Marekani, uliyoijaza kiwandani. Nenda na kadi yenyewe, kwani picha yake kwenye simu haitakubaliwa. Lakini ukiwa na mpwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, usimchukue kwa kumwonea huruma, kwa sababu viza hiyo peke yake haimruhusu kufanya kazi hii.

Kiingereza kisikutie hofu. Ukisikia “Background!” unaanza kutembea, ukisikia “Cut!” unasimama, na wakisema “Back to one” unarudi pale pale ulipoanzia. Kuzungumza hakuruhusiwi hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri: mnachezesha midomo bila sauti, ili maikrofoni zichukue maneno ya waigizaji pekee. Mimi niliwahi kuifanya kazi hii siku moja, nikapewa faili tupu nipite nalo katika ukumbi wa hospitali ya kuigiza. Nilipita mlango ule ule asubuhi nzima, mguu wa kulia ukitangulia kila mara kwa sababu ndivyo nilivyoanza mara ya kwanza, na picha zinazounganishwa baadaye lazima zifanane. Filamu ilipotoka nilikiona kiwiko changu.

Jambo ambalo jirani yako huenda hakukueleza ni kungoja. Utakaa saa nyingi kwenye hema au ukumbi wa kusubiria, simu ikiwa imezimwa, na kupiga picha eneo hilo ni kosa la kufukuzwa papo hapo. Tena huwezi kuondoka katikati ya siku, kwani ukishaonekana kwenye tukio ni lazima uwepo hadi likamilike, hata saa 12 zikipita. Kwa mtu wa zamu ya usiku hili ni zito kuliko suala la lugha.

Kuhusu malipo, tangazo likiandikwa 125/10 maana yake ni dola 125 kwa saa 10 za kwanza, na baada ya hapo kila saa hulipwa mara moja na nusu. Muda wa kufika na wa kuondoka huandikwa kwenye vocha, yaani karatasi ya kazi ya siku hiyo, nawe usitoke bila nakala yako, maana hundi huja baadaye, ikiwa imekwisha kukatwa kodi, na vocha ndiyo ushahidi wako wa pekee hundi ikipungua. Wanachama wa SAG-AFTRA, chama cha wafanyakazi cha waigizaji, hulipwa vizuri zaidi, na mojawapo ya njia za kuingia ni kupata vocha tatu za kazi zilizo chini ya mkataba wa chama. Mgomo wao wa mwaka 2023, uliodumu siku 118, uliwapatia pia haki ya kuombwa ridhaa kabla sura zao hazijanakiliwa kwa kompyuta. Wewe usiye mwanachama, ukiajiriwa nje ya mkataba wa chama, hulindwi nao, hivyo karatasi yoyote inayotaja kunakili sura au mwili wako uisome hadi mwisho, au mwanao anayesoma shule huko akusomee, kabla ya kutia sahihi.

Kiwanda usikiache. Kwa kuanzia, chagua siku ambayo usiku uliotangulia hukuwa na zamu, beba nguo za aina mbili au tatu zisizo na maandishi wala nembo, na uvae viatu vya soli laini visivyogonga sakafu.